Kastabini Kidoleni

Mji mwingine wowote, mwanamke akionekana barabarani saa moja asubuhi kavaa gauni la dansi linaloburuta chini, mabega wazi, lulu shingoni, watu watanong'ona mpaka jioni. Kwetu Hollywood aliambiwa tu, "Dada, foleni iko huku!"

Ndivyo alivyoambiwa Augusta Thorley, Jumatatu moja ya Julai mwaka 1955, kwenye geti la studio. Pale getini walijaa watu kama mia mbili. Wanaume walivaa makoti meusi ya mikia na tai nyeupe, wanawake hariri za kila rangi, na wote walikuwa wanakula donati wameinama mbele ili sukari isiwadondokee vifuani. Hao tuliwaita wageni wa dansi. Walilipwa kusimama nyuma ya nyota wa sinema na kuonekana matajiri. Nguo walinunua wenyewe, na asiye na koti la mkia hakuvuka geti. Ungemkuta mtu ana koti la kumwingiza ikulu, na chumba anachopanga hakina hata dirisha.

Aliyemwita dada alikuwa Emmett Sobol. Miaka thelathini na moja, mrefu, nywele zimelazwa kwa mafuta, mtoto wa fundi cherehani wa Bakersfield. Makoti yake matatu ya mikia alirithi kwa baba yake, na aliyapenda kuliko watu wengi.

"Mimi sipo kwenye foleni," Augusta alimjibu. "Nimekuja kuhusu taa."

"Taa ni watu wa umeme. Wewe na gauni hilo utapanda ngazi? Hebu simama hapohapo, pindo limekanyagwa."

Kabla hajajibu, Emmett alishapiga goti juu ya lami. Akatoa mfukoni sindano, uzi, na kastabini ya baba yake. Kastabini ya mafundi wa suti haina kichwa, ni duara tupu la chuma lenye vitundu, ncha ya kidole inatokeza juu. Akashona haraka, mdomo umeshika uzi.

"Unatembea na sindano siku zote?" Augusta akacheka.

"Ndiye mke wangu. Ananichoma lakini haniachi. Si kama Maxine, tuliyecheza pamoja miaka minne. Jana kaolewa, kaenda zake Fresno! Na leo wanaandika wawili wawili, asiye na mwenzi anarudi nyumbani. Wewe una mwenzi?"

"Sina."

"Waltz unaijua?"

Augusta Thorley alifundishwa dansi hiyo ya waltz na mwalimu kutoka Vienna tangu ana miaka sita. "Kidogo," akasema.

"Kidogo inatosha, mimi nitakuvuta. Unaitwa nani?"

"Gussie."

"Gussie, leo wewe ni tajiri. Twende."

Akamshika mkono, wakapita geti. Gussie aliniambia baadaye kwamba alikusudia kumweleza ukweli kabla ya hatua kumi, halafu kabla ya ishirini. Tangu azaliwe hakuwahi kushikwa mkono na mtu asiyejua yeye ni binti wa nani. Hatua zikafika mia.

Mimi ni Dot Maddock. Kazi yangu studio ilikuwa kukaa chini ya kamera na kuandika kila kitu kinachoonekana: nani ameshika glasi mkono gani, mvinyo umefika wapi, kishikizo kipi kimefunguliwa. Picha ya Jumatatu itaunganishwa na ya Alhamisi, na glasi ikihama mkono peke yake, watazamaji nchi nzima watacheka. Miaka ishirini na miwili hakuna glasi iliyohama mbele yangu. Nilikuwa mkali, nasema wazi, na walioniogopa walikuwa na sababu.

Jumatatu hiyo tulianza dansi kuu ya sinema moja ya nyimbo, habari za matajiri wanaopendana na kugombana kwenye sherehe. Ukumbi wenyewe, jamani! Sakafu nyeusi inayong'aa mpaka unaona meno yako, ngazi nyeupe pana inayoshuka kwa kujipinda, na juu kabisa taa ya fuwele yenye vipande elfu tatu, iliyoazimwa kutoka nyumba moja ya Pasadena. Fundi umeme alipoiwasha, watu mia mbili waliozoea sinema kuliko vitanda vyao walinyamaza. Mimi mwenyewe penseli ilinitoka mkononi.

Emmett alisimama chini yake, shingo nyuma, mdomo wazi.

"Gussie, angalia. Unaona pale pembeni, mwanga unavyogeuka bluu halafu zambarau? Kuna watu wanakunywa chai chini ya kitu hiki kila asubuhi. Wanawezaje kumeza?"

Gussie akatazama juu. Taa ile ilikuwa ya bibi yake. Alikula uji chini yake utotoni, alikaripiwa chini yake, na siku hiyo alikuja kuhakikisha imetundikwa vizuri na kupigwa picha ya gazeti akiwa pembeni yake, ndiyo maana ya gauni. Lakini bluu ile na zambarau ile hakuwahi kuziona. Macho yakamjaa machozi.

"Haya, somo la kwanza," Emmett akasema. "Vua glavu. Matajiri hawachezi na glavu."

"Una uhakika?"

"Mama yangu, nina miaka tisa katika utajiri! Glasi unashika hivi, kidole kidogo nje. Na usicheke kwa meno. Tajiri anacheka kwa pua."

Gussie akavua glavu. Bibi yake angezimia. Akashika glasi kidole nje, akacheka kwa pua, akaambiwa ana kipaji. Nikaandika kitabuni: jozi ya tatu kushoto mwa ngazi, mwanamke gauni la kijani kibichi, mikono mitupu, mkono wa kushoto begani kwa mwanamume, hana pete. Na nikishaandika, imekwisha. Mtu akishaonekana kwenye picha lazima arudi vilevile, mahali palepale, mpaka dansi iishe Ijumaa.

Sasa niwaambie kitu ambacho mimi mpaka leo kinanisisimua. Nyota wanapozungumza, muziki huzimwa, kwa kuwa maikrofoni inataka sauti zao tu. Lakini wageni nyuma yao wanaendelea kucheza. Tunawabandika sufu nzito chini ya viatu, na mtu mmoja anakaa juu ya ngazi ya mbao akipunga leso kwa mapigo. Watu mia mbili wanazunguka, hariri zinapepea, midomo inapiga soga na kucheka, na huna unachosikia. Hata pumzi. Nyuso zote zinang'aa na dunia imenyamaza kimya. Mara ya kwanza Gussie alipojikuta katikati ya kimya kile, alimkamata Emmett bega kwa nguvu.

"Niseme nini?" akauliza kwa midomo tu.

"Chochote," midomo ya Emmett ikajibu. "Wengine wanahesabu. Mimi huwa nasema ninavyotaka kula."

"Unataka kula nini?"

"Leo nimesahau."

Mimi nilijifunza kusoma midomo miaka mingi nyuma, kazi ilinilazimisha. Niliona neno hilo na niliona uso wa binti unavyobadilika. Nikajisemea, haya, kazi imeanza.

Siku mbili zile walikula mchana pamoja kwenye kivuli cha banda, sandwichi za mayai, makoti yamening'inizwa kwenye msumari. Emmett akamweleza anachongoja. Kwetu, aliyeonekana bila kusema ni pambo, na aliyesema hata neno moja ni mwigizaji, jina lake linahamia kitabu kingine kabisa. Emmett alingoja neno hilo miaka tisa.

"Hata 'habari za jioni' ingenitosha," akasema. "Baba alikufa ananiuliza, mwanangu, wamekusikia? Namwambia bado, baba, lakini koti lako limeonekana."

"Watakusikia," Gussie akamwambia, na alilitamani hilo kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote chake. Siku hiyohiyo alijua kwamba anampenda. Aliniambia hivyo bila aibu, eti ilikuwa wakati Emmett anafuta yai kwenye kidevu.

Jumatano saa tano asubuhi, mlango mkubwa wa banda ukafunguka. Akaingia mama mmoja kavaa suti ya kijivu, kofia ndogo yenye wavu, na mkuu wa studio akimtembeza kwa unyenyekevu. Alikuja kuitazama taa yake. Macho yalipotoka juu kuja chini, akamwona mwanawe.

"Augusta! Unafanya nini na watu hawa? Na glavu zako ziko wapi?"

Ukumbi mzima ukageuka. Mkuu wa studio, bila akili hata kidogo, akatangaza kwa furaha, "Kumbe Bi Augusta Thorley mwenyewe ametutembelea! Mabibi na mabwana, mwenye taa!"

Emmett alikuwa na glasi mkononi, anamwonyesha jinsi ya kuishika. Damu ikampanda mpaka masikioni. Akaitazama glasi, akamtazama binti, akaitazama ile taa. Akaiweka glasi taratibu kwenye meza.

"Emmett, nilitaka kukwambia..."

"Kidole kidogo nje," akasema. "Nimekufundisha wewe. Lazima umecheka sana huko nyumbani, Bi Thorley."

"Sijacheka!"

"Kwa pua, basi."

Mama alitaka kuondoka na binti palepale. Mwongozaji wetu, Bwana Haskell, mtu mnene asiyeogopa mtu, akamzuia. "Bibi, mwanao yupo ndani ya picha za siku tatu, kando ya ngazi kabisa. Akiondoka tunaanza upya, na taa yako inakaa hapa wiki mbili zaidi."

Bi Thorley, yule mama, akaona heri aiokoe taa yake. "Mpaka Ijumaa," akasema. "Jumamosi tunapanda treni kwenda New York, na Septemba meli ya Ulaya. Sisikii neno lingine."

Jioni hiyo, kama Gussie alivyonisimulia kesho yake, wakati watu wanaketi kula, simu ililia kwenye korido ya nyumba aliyopanga Emmett. Mwenye nyumba, Bi Petrakis, alikuwa mjane wa Kigiriki asiyejua kudanganya.

"Anasema hayupo," akasema kwenye simu. "Yupo hapa anakula supu."

"Mwambie ni Gussie."

"Emmett, ni Gussie! Anasema hamjui Gussie yeyote. Mama, ameacha kijiko. Amekunja uso kama anameza dawa. Ulimfanya nini?"

"Nilimficha kitu."

"Mume mwingine?"

"Nyumba."

"Nyumba? Weee! Emmett, mtu gani anamnunia mwanamke kwa sababu ana nyumba? Anasema nikate. Pole, mwanangu, nakata."

Alhamisi wakarudi, jozi ya tatu kushoto mwa ngazi, gauni la kijani, koti la mkia. Kitabu changu kilisema wanatabasamu, kwa hiyo walitabasamu. Leso ikapungwa, ukimya ukashuka, na chini ya taa ile ugomvi ukaanza, midomo mitupu, meno yote nje.

"Ulinifanya mchezo wa wiki."

"Si kweli."

"Mimi nakuonyesha matajiri wanavyocheka! Mimi!"

"Kwa sababu ulifurahi sana kunionyesha. Na mimi nilifurahi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeendelea kunivuta mkono? Sema ukweli. Ungeniita Bi Thorley na ungesimama mbali kama wengine wote."

Wakazunguka. Mgongo wa Emmett ulinizibia midomo yao, nikasubiri kama mtu anayesubiri basi, wakageuka.

"Tangu nizaliwe naambiwa taa ile ni yangu," binti alikuwa anasema, na tabasamu linamtetemeka. "Hakuna aliyewahi kuniambia niitazame. Wewe tu."

Emmett alikuwa anatabasamu kama alivyotakiwa, na jicho lake moja lilidondosha chozi. Nikaliandika. Jicho la kulia.

Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho, Bwana Haskell akamnyooshea kidole. "Wewe wa ngazini. Nyota wakipita mbele yako utamwambia mwenzako, 'Tucheze mmoja zaidi?' Yeye anatikisa kichwa kukubali, kimya. Ni mstari huo mmoja tu."

Miaka tisa! Wenzake wakaanza kumpigapiga mabega. Gussie akaruka kwa furaha kama mtoto. Emmett akamtazama, halafu akamtazama Bi Thorley aliyekaa pembeni na mkuu wa studio, kofia yake na wavu wake. Nikaona uso wake unavyojifunga.

"Sitaki," akasema.

"Nini?" Haskell akauliza.

"Mpeni mwingine. Sichukui mstari wa kununuliwa."

"Emmett, sijasema na mtu yeyote!" Gussie akalia. "Naapa!"

"Ninyi hamhitaji kusema. Mnatazama tu, watu wanakimbia."

Akaelekea mlangoni. Koti la baba yake mgongoni, miaka tisa anaiacha nyuma, na yule binti kasimama chini ya taa ya bibi yake hajui ashike nini. Mimi siingilii mambo ya watu. Lakini mtu kutia uongo kwenye ukumbi ninaouandika mimi, hilo siliwezi. Nikamkimbilia na kitabu.

"Wewe kijana, simama! Unajua kusoma?"

"Bi Maddock, niache."

"Nimekuuliza, unajua kusoma? Soma hapa. Alhamisi."

Akasoma, midomo inacheza kwa mazoea. Nilikuwa nimeandika hivi: Saa nane na dakika arobaini. Mwongozaji akitazama kwenye kamera amesema, yule kijana wa ngazini anampenda yule mwanamke mpaka anaumwa, mpeni mstari kesho, anaitwa nani. Hakuna aliyejua jina.

"Mama yake hakuwepo jana," nikamwambia. "Haskell hajui jina lako mpaka sasa hivi. Mstari huo umeupata kwa uso wako mwenyewe, mjinga wewe."

Akasoma tena. Kidole chake kilisimama kwenye yale maneno, mpaka anaumwa.

"Inaonekana hivyo?" akaniuliza polepole. "Kwenye kamera?"

"Kwenye kamera, nje ya kamera, na kwenye supu ya Bi Petrakis. Rudi mahali pako."

Akarudi. Hakumwambia Gussie neno, hapakuwa na muda. Akamweka mkono kiunoni, binti akaweka mkono wa kushoto begani. Taa zikawaka, leso ikapungwa, nyota wakashuka ngazi wakazungumza yao, wakapita. Na katika kimya kile cha watu mia mbili, sauti ya Emmett Sobol ikasikika kwa mara ya kwanza, nyembamba kidogo, inatetemeka.

"Tucheze mmoja zaidi?"

Gussie alitakiwa kutikisa kichwa. Alimtazama, akafungua mdomo, na sauti ikatoka kubwa mpaka ikagonga dari.

"Si mmoja, Emmett! Yote iliyobaki!"

"Kata!" Haskell akanguruma. "Nani kamwambia huyo aseme? Bibi, neno hilo sikulipi hata senti!"

Banda zima likapasuka kwa kicheko na makofi. Bi Thorley alisimama, akakaa, akasimama tena. Haskell akaagiza kamera ijazwe filamu upya. Dakika saba.

"Umeniharibia mstari wangu," Emmett akasema. Alikuwa amepauka.

"Utausema tena."

"Ulimaanisha?"

"Nimeharibu sinema ya watu mbele ya mama yangu. Unataka nikaape wapi?"

"Kesho una treni."

"Treni ni ya mama. Mimi nimealikwa dansi."

Emmett akacheka. Akapapasa mifuko yote ya koti la baba yake, juu, chini, ndani. "Gussie, mpenzi wangu, sina pete. Sina chochote."

"Una kastabini."

Akaitoa. Chuma cha kijivu, kimechakaa kwa miaka ya sindano. Chini ya vipande elfu tatu vya fuwele, akapiga goti kama alivyopiga pale getini, akamvisha kidole cha pete.

"Inapwaya."

"Nitakunja kidole," binti akasema, akiwa analia waziwazi.

Bi Thorley alikuwa amefika karibu. Nilijiandaa kwa matusi. Mama akatazama kile kipande cha chuma muda mrefu, halafu akatazama kule alikokuwa anatazama mwanawe, juu, kwenye taa. Sijui aliona nini. Alisema tu, "Pua zenu zote mbili zinahitaji poda," akarudi kuketi.

"Mahali penu!" Haskell akaita.

Wakasimama. Mkono wa kushoto ukapanda begani, kamera ikasogea. Mahali ambapo kitabu changu kilisema hana pete, palikuwa na duara la chuma linalowaka, na kidole kilichokunjwa ili lisidondoke. Mtazamaji ataliona. Dakika moja halipo, dakika inayofuata lipo. Kazi yangu ilikuwa kuinua mkono na kusema, binti, vua hiyo.

Haskell akanigeukia. "Dot, kila kitu sawa?"

Miaka ishirini na miwili, hakuna glasi iliyohama. Nikalamba penseli.

"Sawa," nikasema. Kwenye mstari wa mkono wa kushoto nikaandika: hakuna mabadiliko. Huo ndio uongo pekee uliomo kwenye kitabu changu, na wakati leso inapungwa na watu mia mbili wanaanza kuzunguka bila sauti, nilikuwa naufunika kwa kiganja ili machozi yasiufute.